Mpangaji Naye Aandikwe

Maisha yangu yote ya utu uzima nimeyaishi katika vyumba vya kupanga, na vyote vimekuwa katikati ya mji. Nilianzia Tunduma, hatua chache kutoka mpakani, nilikokwenda nikiwa msichana mwenye cherehani ya miguu aliyoninunulia baba kwa fedha za kahawa. Sasa niko nyumbani Nanyala, kwenye senta, kando ya barabara kuu: chumba kimoja cha kulala na fremu ya mbele ninamoshonea. Hati ya kiwanja sijawahi kuwa nayo. Nilicho nacho ni miaka mingi ya kulala na kuamka mahali ambapo wengi hupaona wakiwa ndani ya basi, na kwa miaka hiyo nimejenga msimamo kuhusu namna senta na miji yetu inavyovunjwa na kujengwa upya.

Kwa asiyepafahamu Nanyala: ukitoka Mbeya unapita Mbalizi, unauacha Uwanja wa Ndege wa Songwe, unavuka mto Songwe na kuingia Wilaya ya Mbozi. Nanyala unaikuta kabla ya Mlowo na Vwawa. Vwawa ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Songwe tangu ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na mwisho kabisa ndiyo Tunduma. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, na barabara ya Zambia ikawekwa lami miaka hiyo hiyo. Sisi watu wa Mbozi tumekulia kando ya vitu vinavyokwenda kwingine. Senta zetu nyingi zilizaliwa hivyo. Dereva alisimama kununua mahindi ya kuchoma, mtu akajenga kibanda, mwingine akajenga nyumba ya vyumba sita apangishe, wa tatu akaleta mashine ya kusaga. Ramani ilikuja baadaye, pale ilipokuja.

Tunduma niliyoikuta ujanani ilikuwa mji wa kusubiri. Lori lilimaliza karatasi upande wetu, likavuka mita chache, likasimama tena upande wa Nakonde, Zambia, na kuanza upya. Foleni ilirudi nyuma hadi ukachoka kuitazama. Kusubiri huko kulilisha watu wengi: mama lishe, wauza maji ya kuoga kwa ndoo, vijana wa chenji wenye mabunda ya kwacha na shilingi, mawakala wa forodha, wenye gesti, na sisi mafundi tuliokaa barazani tukipunguza suruali za madereva na kushona vitenge vilivyovushwa kutoka ng'ambo. Mteja wangu mmoja alikuwa Mzambia aliyeleta kitambaa asubuhi, akavuka kwenda kwao kula mchana, akarudi jioni kuchukua gauni la mkewe. Kwetu mpaka ulikuwa mtaa kama mitaa mingine.

Nilipanga katika nyumba ya korido, vyumba pande mbili, uani bomba moja, choo na bafu, na mwembe ambao haukuzaa kitu cha maana lakini ulitupa kivuli. Mita ya umeme ilikuwa moja kwa nyumba nzima, na michango ya LUKU ilileta ugomvi kila wiki. Tuligombania zamu ya kufagia, tuligombania redio ya usiku, tuligombania kamba ya kuanikia nguo. Nayataja haya ili asije mtu akadhani nasifia maisha ya raha. Vyumba vilikuwa vidogo, na mvua za Machi ziliingia ndani.

Lakini nyumba ile ilifanya kazi ambayo sijaona ofisi yoyote ikiifanya. Chumba cha mbele alikaa kijana wa chenji. Aliyefuata alikuwa mama aliyeamka saa tisa usiku kuchoma vitumbua, ili saa kumi na moja awe tayari barabarani madereva wakiamka. Wanawe wawili walilala kwangu saa hizo, na asubuhi niliwavika sare na kuwapeleka shule. Nilipougua malaria kali, yeye ndiye aliyenipikia uji, na kijana wa chenji ndiye aliyekwenda kumwomba mwenyekiti wa mtaa barua nikahudumiwe. Hakuna aliyelipwa. Ilikuwa ni kawaida ya uani, na kawaida hiyo ilitokana na kukaa pamoja muda mrefu, mlango kwa mlango.

Chumba cha mwisho kabisa, karibu na choo, alikipanga utingo mmoja. Alikuwa kijana mkimya, akionekana siku mbili na kupotea wiki tatu. Siku moja askari walikuja na jina lake kwenye karatasi. Lori lake lilikuwa limepata ajali kwenye mteremko wa Senjele, huku huku Mbozi, na ndani ya mfuko wa shati walikuta kipande cha risiti ya kodi ya chumba. Zaidi ya jina na mtaa hawakujua kitu. Mwenye nyumba naye hakujua kitu, maana alimjua kwa kodi tu. Ni kijana wa chenji aliyekumbuka kwamba kila alipopata posho alimtumia dada yake hela Laela, kwa kupitia dereva fulani wa basi la Sumbawanga. Dereva akatafutwa, dada akapatikana, na marehemu akazikwa kwao na watu waliomzaa. Tulichanga sanda kwa elfu mbili mbili. Tangu siku ile nimeamini kwamba katikati ya mji kuna aina ya ujuzi inayokaa vichwani mwa wapangaji peke yao, na kwamba ujuzi huo una thamani kubwa kuliko bati na tofali.

Baadaye mzee mwenye nyumba alifariki, warithi wakakubaliana kuuza, na kiwanja kikachukuliwa na mfanyabiashara aliyetaka kujenga ghorofa. Tulipewa hadi mwisho wa mwezi. Waliokuwa wamelipa kodi ya miezi sita walirudishiwa kiasi, wengine walizungushwa mpaka wakakata tamaa. Jengo lililosimama ni zuri, sina sababu ya kusema vingine: fremu za vioo chini, vyumba vya wageni juu, taa zinazowaka usiku kucha. Kodi ya fremu moja ya pale ilizidi mara kadhaa kodi ya nyumba yetu yote ya zamani. Sisi tulitawanyika, huyu akaenda Mpemba, yule Chapwa, mwingine akavuka kabisa kwenda Nakonde. Mama wa vitumbua alipata chumba mbali na barabara. Ili afike saa kumi na moja alilazimika kukodi bodaboda gizani na ndoo ya unga uliokwisha umuka, na watoto hakuwa na wa kumwachia. Alijaribu, akashindwa, akarudi kulima kwao Ileje. Hakuna aliyemfukuza kazi. Kazi yake ilikuwa imefungwa kwenye chumba chake, na chumba kilipoondoka ikaondoka nacho.

Nimesikia wataalamu wakilizungumza hili kama jambo la soko: mji unakua, ardhi inapanda bei, wenye uwezo mdogo wanasogea pembeni. Na kweli Tunduma imekua. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu wasiofika laki moja. Ya mwaka 2022 ikaikuta na zaidi ya laki mbili. Mji uliozidisha watu wake mara mbili katika miaka kumi lazima uvunje na kujenga, hilo nalikubali. Ninachouliza ni nani anayehesabiwa pale unapovunjwa.

Tazama Kituo cha Pamoja cha Forodha. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walikizindua. Utaratibu wake ni mwepesi kuuelewa: anayekwenda Zambia anamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Nakonde, anayeingia Tanzania anamalizana nao wote upande wa Tunduma, na gari linasimama mara moja. Nilifurahi. Foleni za malori zilikuwa zimegharimu nchi hizi mbili fedha nyingi, na ziligharimu afya za madereva na mabinti zetu pia. Hata hivyo, kila saa iliyopunguzwa kwenye foleni ilikuwa imemlisha mtu, na mtu huyo alistahili kuulizwa mapema atahamishia wapi jiko lake. Foleni hazikuisha, tunaziona hadi leo, lakini zilibadilika mahali na saa. Mama lishe aliyekuwa na wateja mlangoni aliwakuta wamesimama kilomita kadhaa mbele. Mwenye ofisi ya uwakala alipata barua ya kumweleza mabadiliko. Mama lishe aliyajua kwa kuona chakula kimelala.

Nikarudi Nanyala. Mama alikuwa amezeeka na alihitaji mtu wa karibu, ndiyo sababu, na sikujutia. Nilipata chumba na fremu kwenye senta kwa mama mmoja mjane, nikaweka cherehani barazani. Hapa kazi zangu ni sare za shule, magauni ya harusi, mavazi ya kwaya, na mashuka ya gesti. Senta yetu ni ndogo, unaimaliza kwa miguu kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini ina kila kitu cha mji: mashine, duka la pembejeo, saluni, wakala wa fedha za simu, kijiwe cha bodaboda, genge, bucha, na nyuma yake safu ya vyumba vya kupanga wanamokaa walimu, vibarua, wauguzi, wauza mitumba na vijana wa kupakia mazao. Wengi wao hawakuzaliwa hapa. Wao ndio wanaoifanya senta iwe hai baada ya jua kuzama.

Na juu ya senta hii limening'inia suala la barabara. Mpango wa kupanua barabara ya Igawa hadi Tunduma, kilomita 218, kuwa ya njia nne unajulikana kwa kila mtu, na kazi ya kipande cha jijini Mbeya, Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, imeonyesha kwa macho kwamba si maneno. Ikifika zamu yetu, nitaipigia makofi. Senjele imekula watu. Nimeshona nguo za maziko za watu walioondoka asubuhi kwenda Mlowo kuuza maharage. Malori yanayoshuka pale yakiwa yamejaa shaba au saruji yanagawana njia moja na bodaboda iliyobeba mama na mtoto, na asiyetaka barabara ile ipanuliwe hajawahi kusimama pale wakati miili inapangwa kando ya lami. Naitaka barabara hiyo kwa moyo wangu wote. Ndiyo maana nataka ijengwe bila kutapanya watu wanaoishi kando yake.

Sheria zenyewe nimezisoma, nikisaidiwa na mwalimu mmoja jirani yangu. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 kila upande hadi mita 30. Kutokana na hilo tukapata zile alama za X zinazojulikana nchi nzima: nyekundu kwa aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani, ambaye huvunjiwa bila fidia, na kijani kwa aliyefuatwa na sheria mpya ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza, ambaye anastahili kulipwa. Wa Dar es Salaam wana kumbukumbu nzito zaidi. Kuanzia Kimara kwenda Kibaha hifadhi ilidaiwa kuwa mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zilivunjwa pale, huku hata jengo la makao makuu ya TANESCO Ubungo likiwekewa X.

Kisha njoo kwenye fidia. Kanuni za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinataja kwa makini anacholipwa anayeondolewa: thamani ya jengo na ardhi kwa bei ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Posho ya usafiri inakokotolewa kwa gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 umbali wa kilomita 20. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya miezi 36. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Uthamini, ambayo inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita na inaupa uthamini uhai wa miaka miwili. Huwezi kusema nchi haikufikiri. Mtu fulani alikaa akawaza hata uzito wa vitanda na kabati.

Soma tena hiyo miezi 36. Mwenye nyumba, akivunjiwa, analipwa fedha za kupanga kwingine kwa miaka mitatu wakati anajenga upya. Kwa miaka mitatu sheria inamgeuza mwenye nyumba kuwa mpangaji na kumlipia kodi. Aliyekuwa mpangaji tayari, ambaye amepoteza chumba hicho hicho siku hiyo hiyo, kwa desturi tunayoiona huondoka na godoro lake kichwani. Kuhusu hasara ya faida, mwenye fremu ya kupanga anaweza kujaribu kudai, ila hesabu zake zinatakiwa zithibitike, na mimi sijamwona muuza mitumba mwenye vitabu vilivyokaguliwa. Zamani palikuwepo Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, ya mwaka 1984, na mabaraza yake ambako mpangaji aliweza kupeleka kilio. Ilifutwa mwaka 2005. Ilikuwa na kasoro zake, wenye nyumba waliilalamikia kwa haki, lakini ilipoondoka hakikuwekwa kitu cha kujaza nafasi.

Nchi yetu iliwahi kulifahamu jambo hili vizuri zaidi. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962, moja ya kazi zake ilikuwa kuvunja nyumba za udongo Magomeni na kwingineko Dar es Salaam na kujenga za matofali. Ikaonekana fedha nyingi zinatumika kubomoa vyumba vilivyokuwa vinakaliwa ili kupata vyumba vingine vya idadi ile ile. Miaka ya 1970 Serikali ikageuka, ikaanza kupima viwanja vyenye huduma na kuboresha mitaa watu wakiwa humo humo. Mwanjelwa ya Mbeya ilikuwa mojawapo ya mitaa hiyo. Barabara na maji vilipelekwa kwa watu mahali walipo.

Mwanjelwa hiyo hiyo ilitupa baadaye somo jingine, la uchungu. Soko lake liliteketea Desemba 2006. Wafanyabiashara wakaambiwa wahamie eneo la SIDO kwa muda wakati soko jipya linajengwa, na muda ule ukawa miaka. Binamu yangu aliyekuwa akiuza viatu pale alizaa, akasomesha, akapata wajukuu, bado akiitwa mfanyabiashara wa muda. Agosti 2017 na soko la SIDO likaungua. Soko jipya la Mwanjelwa lilisimama kweli, la ghorofa, lakini kodi zake zilimshinda, na alipofuatilia nafasi yake ya zamani aliambiwa alete uthibitisho kwamba alikuwepo. Uthibitisho uliungua na viatu.

Magomeni Kota ndiyo mfano unaonipa nguvu. Wale walikuwa wapangaji, tena wa nyumba za umma zilizochakaa, wakavunjiwa na kutawanyika, wakapanga huku na huko kwa karibu muongo mmoja. Kwa kawaida hadithi ingeishia hapo. Haikuishia, kwa sababu walikuwa kaya 644 zilizoandikwa, kila moja kwa jina, na wakaendelea kudai kama kaya 644. Mwaka 2016 Rais Magufuli alikwenda pale akaagiza wajengewe, na Machi 2022 Rais Samia akayazindua maghorofa yao. Kuna mengi ya kujadili kuhusu bei na masharti yaliyofuata. Lakini watu walirudi kwenye kiwanja kile kile, na kilichowarudisha ni orodha. Tajiri hakuwepo kati yao, wala mwenye hati.

Hilo ndilo jambo ninalolitaka Nanyala, na nimekuwa nikilisema kwa kila anayenisikiliza. Kabla tathmini yoyote haijafika, wapangaji wote wa senta waandikwe: jina, chumba, kazi anayoifanya, tangu lini, kodi aliyolipa inaishia lini, watoto wanaosoma, na ndugu wa kutafutwa akipatwa na jambo. Daftari la wakazi lipo katika utaratibu wa Serikali za Mitaa, halihitaji sheria mpya. Mwaka 2022, kwenye Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba zetu ziliwekewa namba na barabara za ndani zikapewa majina. Namba ya nyumba tunayo tayari. Ndani ya namba moja kuna milango minane, na nyuma ya kila mlango kuna watu.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mzee aliyesoma na marehemu baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Cherehani imelala leo?"

"Imelala kidogo. Nimekuja kwa lile la wapangaji. Watu wa tathmini wakija, wataandikwa?"

Alivua miwani akaifuta. "Mwanangu, fomu zao haziulizi mpangaji. Zinauliza mwenye mali na majirani wa mipaka."

"Ndiyo maana nasema tuwe na daftari letu kwanza, mzee. Wakija walikute."

"Na wenye nyumba je? Umeongea na mama yako mwenye nyumba?"

Nilikuwa nimeongea naye, na sehemu hii ni ngumu. Mama mwenye nyumba wangu si mtu mbaya. Alijenga vyumba vile kidogo kidogo baada ya mumewe kufariki, kwa kuuza kahawa na kwa mikopo ya vikoba, na kodi zetu ndizo zinazomlea uzeeni. Aliposikia habari ya daftari alinyamaza kwanza, kisha akaniuliza polepole kama wapangaji wakiandikwa fidia yake itagawanywa. Aliuliza pia kama daftari hilo litafika TRA, maana anajua kuna kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango na hajawahi kuilipa. Hofu yake ni ya kweli. Nyumba ile ni jasho lake, na mimi siwezi kumtazama machoni nikamwambia kwamba haki yangu inatoka mfukoni mwake.

Jibu nililompa ndilo ninaloliamini. Fidia ya jengo ni yake yote, hakuna wa kuigusa. Mpangaji anachostahili ni kitu kingine, kidogo, kinachotoka kwenye mradi wenyewe: taarifa ya miezi kadhaa, gharama ya kuhama, kodi ya miezi michache mahali pengine, na kwa mwenye fremu, nafasi ya kwanza kwenye soko au stendi itakayojengwa. Katika mradi wa barabara wa mabilioni, hela ya kuhamisha walimu, mafundi na mama lishe wa senta moja ni sehemu ndogo mno. Na kwa mwenye nyumba kuna faida. Watu wake wakijulikana na kubaki karibu, akijenga upya atapata wapangaji wale wale waliomlipa miaka yote. Hakukubali, hakukataa. Aliniambia nimpe muda aongee na wanawe.

Vijana wa kijiweni nao wana lao. Mmoja, mwenye bodaboda, aliniambia: "Mama, wewe unataka watu wabaki. Sisi tunataka tuondoke hapa twende kwenye mji wenyewe." Namwelewa. Nami nilikuwa hivyo nilipobeba cherehani kwenda Tunduma. Lakini mji wenyewe anaouota umejengwa na watu waliokaa mahali muda mrefu wakafahamiana, na mahali hapo pakivunjwavunjwa kila baada ya miaka michache, anachokikuta akifika ni vyumba vyenye wageni watupu. Nimewaona Tunduma kwenye nyumba mpya: wanalipa kwa simu kwa mwenye nyumba wasiyemjua, na jina la jirani wa ukuta mmoja hawalijui. Mtu akifa mle, askari watafika na risiti mkononi na hawatapata wa kumuuliza.

Mkutano mkuu wa kijiji huitishwa kila baada ya miezi mitatu, na mwenyekiti ameniambia niandike hoja yangu niipeleke kwa mtendaji iingie kwenye ajenda. Nimeiandika na mwalimu ameinyoosha. Milango kadhaa ya safu yetu tumekwisha kuiandika sisi wenyewe kwenye daftari la shule, na walimu wawili wa shule ya msingi wamechukua safu ya nyuma ya bucha. Wengine wanaogopa kuandika ndugu wa kutafutwa, wanaona ni uchuro. Hao nawaachia nafasi wazi nirudi siku nyingine. Haraka yangu ina sababu. Tathmini ikianza huwekwa tarehe ya ukomo, na baada ya hapo kilichoandikwa ndicho kinachokuwepo mbele ya Serikali. Mti uliopandwa kesho yake hauhesabiwi, tofali lililoongezwa kesho yake halihesabiwi, na mtu atakayekumbukwa kesho yake hataongezwa.